Brashi ya Kunyolea: Thamani ya Ile ya Kweli, na Bandia Iliyoua Askari

Katika vitu vyote ambavyo askari huwa navyo sandukuni mwake, brashi ya kunyolea ndevu ni kitu kisichotazamwi sana. Siku ya ukaguzi afisa hutazama buti, hutazama bizimu ya mkanda, huchungulia mtutu wa bunduki, kisha humsogelea askari na kumtazama kidevu. Kidevu kikiwa safi, afisa hupita. Kikiwa na vishina vya ndevu, maneno huwa mengi. Lakini ni nadra sana kuulizwa kidevu hicho kililainishwa kwa kitu gani kabla ya wembe kupita.

Tumeona afadhali leo tuizungumzie brashi hiyo, na hasa ile inayohesabiwa kuwa bora kupita zote, yaani brashi ya nywele za mnyama aitwaye baja. Tunafanya hivyo si kwa kupenda anasa. Historia ya brashi hii inawahusu wanajeshi kuliko watu wengine wowote duniani, kwani ilipata kutokea kwamba ile ya kweli ilikosekana, ikaletwa ya bandia mahali pake, na bandia hiyo ikaua askari ambao adui hakuwahi kuwagusa.

Baja hayuko katika nchi zetu. Aliye wa ukoo wake ni nyegere, yule mwizi wa asali ambaye warina asali wanamfahamu kwa ukali wake, ingawa nywele za nyegere hazitumiki kwa kazi hii. Baja huishi Ulaya na Asia, huchimba mashimo ardhini, na hutoka usiku kutafuta minyoo, wadudu na mizizi. Nywele zake ndefu za mgongoni zina sehemu tatu za rangi: shina ni jeupe, katikati pana mkanda mweusi, na ncha ni nyeupe tena. Wafaransa wameliunganisha jina la mnyama na jina la chombo kabisa. Kwa lugha yao brashi ya kunyolea huitwa blaireau, na neno hilo hilo ndilo jina la baja. Wasomaji wetu waliosomea Kifaransa huko Kongo, Burundi au Rwanda huenda wamelitamka neno hili miaka mingi bila ya kufikiri kwamba wanamtaja mnyama wa porini.

Sasa, nywele hizi zina sifa gani hata zikatafutwa hivyo? Sifa yao ni maji. Unywele wa baja ni mwembamba shinani, hunenepa kidogo katikati, na huchongoka nchani. Zikifungwa pamoja kwa maelfu katika fundo moja, mashina hubanana, na kati ya unywele na unywele hubaki nafasi ndogo ndogo ambazo hushika maji ya moto kama sifongo. Singa za nguruwe nazo hunywa maji, lakini ni ngumu, na hapana budi ziloweshwe kwanza kwa dakika kadhaa ndipo zilegee. Nailoni ya zamani ilikuwa haishiki maji vizuri. Ilikuwa kama kujipaka kwa ufagio.

Watu wengi hudhani kuwa kazi ya brashi ni kupaka sabuni usoni. La hasha. Kupaka sabuni, hata kiganja cha mkono chaweza. Kazi ya brashi ni kuyapeleka maji ya moto mpaka kwenye mashina ya ndevu na kuyakalisha pale. Ni kuichanganya sabuni na maji na hewa mpaka liwe povu zito. Ni kuzinyanyua ndevu zilizolala. Na ni kuondoa taka na ngozi iliyokufa iliyokaa juu ya uso. Ndevu kavu ni ngumu. Zikikaa katika maji ya moto na povu kwa dakika mbili tatu, huvimba na kulegea, na wembe huzikata bila ya kuzivuta. Povu la mkebe, ambalo lilianza kuuzwa Marekani karibu na mwaka 1950, lina wepesi wake kwa mtu mwenye haraka. Lakini hutoka likiwa baridi, na halina cha kunyanyua unywele wala cha kuusugua uso. Ndiyo maana baadhi ya wanaume waliokwisha kuiacha brashi wameirudia katika miaka hii.

KIMETA KATIKA BRASHI

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, nywele za baja zilizotumiwa Ulaya na Marekani zilitoka zaidi Urusi. Zilipitia katika nchi nyingine za Ulaya, hasa Ujerumani, ambako zilichambuliwa, zikasafishwa na kutiwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kufungwa katika mipini. Vita vilipozuka mwaka 1914, njia hiyo ilizibwa.

Na wakati uo huo haja ya brashi ilizidi kuliko wakati wowote uliotangulia. Mwezi wa Aprili 1915 gesi ya sumu ilitumiwa kwa wingi huko Ypres, Ubelgiji, na tangu hapo kila askari alihitaji kinyago cha gesi. Kinyago hakikai barabara juu ya ndevu; hewa hupenya pembeni, na pumzi moja ya gesi yatosha. Jeshi la Uingereza, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na amri ya kuwakataza askari wasinyoe masharubu ilhali kidevu kilipaswa kunyolewa, liliifuta amri ya masharubu mwezi wa Oktoba 1916. Marekani ilipoingia vitani mwaka uliofuata, serikali yake iliagiza kwa kampuni ya Gillette mashine za kunyolea milioni 3 na nusu kwa ajili ya askari wake. Basi fikirini: mamilioni ya vijana wanatakiwa wanyoe kila siku, kila mmoja anataka brashi, na nywele za baja hazipatikani.

Wafanya biashara wakapata dawa yao. Walichukua singa za farasi zenye rangi nyeupe, zilizotoka Mashariki ya Mbali, wakazipaka mkanda mweusi katikati na kuziacha ncha nyeupe, mpaka zikafanana na nywele za baja kwa mtu asiyezijua. Brashi nyingi za namna hiyo zilitengenezwa Japani. Nyingine zilifungwa Marekani kwenyewe kwa singa zilizoletwa na meli. Zilikuwa rahisi, zilionekana nzuri, na ziliingia katika mifuko ya askari kwa wingi. Kilichokosekana ni ile kazi iliyokuwa ikifanywa zamani kabla ya kufunga brashi: kuosha na kuua vijidudu.

Kimeta hakihitaji kuelezwa kwa mtu aliyekulia penye mifugo. Mbegu za vijidudu vyake hulala katika udongo kwa makumi ya miaka, mnyama akazila pamoja na majani, akafa ghafula, damu ikamtoka puani. Mwaka 2025, katika Hifadhi ya Virunga mashariki mwa Kongo, viboko wapatao 50 waliokotwa wamekufa, na vipimo vikaonyesha kuwa ni kimeta. Mbegu hizo hizo hukaa pia katika ngozi, katika sufu, na katika singa. Nazo haziingii katika ngozi nzima ya mtu; hutafuta mahali palipokwaruzwa. Ni mahali gani panapokwaruzwa kila asubuhi kuliko kidevu na shingo ya askari anayejinyoa kwa haraka, gizani, kwa wembe mpya asiouzoea?

Ugonjwa wenyewe huanza kama kipele kinachowasha. Baada ya siku chache kipele huwa lengelenge, lengelenge hupasuka, na katikati hubaki kovu jeusi kama mkaa. Hila yake ni kwamba kidonda hicho hakiumi, na mtu huweza kukidharau. Lakini kikiwa usoni au shingoni, pande zote huvimba, na uvimbe waweza kuibana njia ya pumzi. Siku hizi mgonjwa akiwahi hospitali hupewa dawa na hupona. Asipotibiwa, karibu mmoja katika kila watano hufa. Na katika miaka ile ya vita penisilini ilikuwa bado haijavumbuliwa.

Kati ya mwaka 1915 na 1924, watu zaidi ya 200 katika majeshi ya Uingereza na Marekani, na miongoni mwa raia wa nchi hizo, walipatwa na kimeta kilichohusishwa na brashi za kunyolea. Wengi wao walikuwa askari. Baadhi ya Wamarekani waliugua wakiwa bado katika kambi za kwao, hawajapanda meli wala kuusikia mlio wa mzinga. Madaktari walipofuatilia, walizipima brashi za wagonjwa, kisha wakazipima brashi mpya za aina ile ile ambazo hazijaguswa na mtu, wakavikuta vijidudu vya kimeta ndani ya singa. Hapo tena hapakuwa na shaka. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku kuingizwa nchini kwa brashi za kunyolea kutoka Japani, na mwaka uliofuata ilifungua mjini Liverpool kituo cha kuua vijidudu katika sufu na nywele za wanyama zilizotoka ng'ambo.

Tusimsingizie farasi. Singa za farasi zilizosafishwa ipasavyo hazina ubaya, na wapo wanaozitumia hata leo. Wala nywele za baja hazina kinga yoyote dhidi ya kimeta. Zingepita bila ya kusafishwa, zingeua vile vile. Kosa lilikuwa katika kupunguza kazi isiyoonekana kwa macho ili faida iwe kubwa. Kwa hiyo na asije mtu, kwa kutaka kuokoa fedha, akajifungia brashi yake mwenyewe kwa singa za mkia wa ng'ombe ambaye hajui alikufa kwa nini.

KUICHAGUA

Brashi za baja za leo hutengenezwa kwa nywele zinazotoka zaidi Uchina. Huko Uingereza, ambako kiwanda cha Kent kimekuwa kikitengeneza brashi tangu mwaka 1777, baja mwenyewe amelindwa kwa sheria tangu mwaka 1973, na si ruhusa kumwua bila ya kibali. Ni haki pia msomaji ajue kwamba mwaka 2018 chama cha kutetea wanyama cha PETA kilitangaza habari za ukatili katika namna baja wanavyofugwa na kuuawa huko Uchina, na wauzaji kadhaa wakaacha kuziuza brashi hizo. Kila mtu na apime mwenyewe.

Nywele hugawanywa kwa daraja. Za chini, ambazo ni nyeusi zaidi na ngumu kidogo, huitwa "safi", jina ambalo limewadanganya wanunuzi wengi, kwani humaanisha tu kwamba ni nywele za baja na si za mnyama mwingine. Juu yake hufuata zile ziitwazo "bora", kisha "bora sana", na kileleni ziko zile za "ncha ya fedha", ambazo ncha zake ni nyeupe, ndefu na laini kama pamba. Lakini majina haya hayalindwi na sheria yoyote ya kimataifa. Kila kiwanda hupima kwa kipimo chake, na "bora" ya huyu yaweza kuishinda "bora sana" ya yule. Bei nayo hupanda mpaka ikafika mshahara wa mwezi mzima wa watu wengi. Sisi tunaona askari wa kawaida hana haja ya kupanda hadi huko juu. Brashi ya daraja la kati, iliyofungwa vizuri, itamfaa kuliko ile ya fahari ambayo ataogopa kuitia mfukoni.

Atakayeishika dukani na aitazame ncha kwanza. Fundi wa kweli hulipanga fundo kwa mkono mpaka juu yake pawe duara, na ncha za nywele hubaki zilivyoota. Ikiwa juu pamekatwa kwa mkasi kama nyasi za uwanja wa gwaride, nywele zimepoteza ncha zao laini, na zitamchoma mtu usoni. Kisha atazame ule mkanda mweusi. Maumbile hayachori mstari kwa rula. Mkanda wa kweli hupanda na kushuka kidogo kati ya unywele na unywele. Mkanda ulionyooka mno una dalili ya rangi, na ikiwa mwenye duka ataridhia, kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji ya vuguvugu kitasema kweli.

Hapa pana jambo jingine ambalo ni vizuri kulitaja. Brashi nyingi za bei nafuu ni za singa za nguruwe, na si zote zilizoandikwa hivyo waziwazi. Huandikwa tu kuwa ni "singa za asili". Askari Mwislamu asiyetaka kuuosha uso wake kwa kitu hicho, na mwingine yeyote mwenye shaka na nywele za wanyama, na achukue nailoni. Nailoni za miaka hii si zile za zamani. Zimefanywa nyembamba nchani kwa kuiga nywele za baja, hukauka upesi, haziliwi na wadudu, na hazitoki kwa mnyama yeyote. Kwa askari wa doria, ambaye hufunga mzigo alfajiri brashi ikiwa bado majimaji, pengine hiyo ndiyo iliyo afadhali.

VIPELE VYA KIDEVUNI

Liko tatizo moja ambalo wenzetu wa Ulaya hawalijui sana, nasi tunalijua mno. Ndevu za mtu mweusi zimejipinda. Zikinyolewa mpaka chini ya ngozi, unywele unapoanza kuota hujikunja, ncha yake kali ikaichoma ngozi na kuingia ndani, pakatokea kipele, usaha na baka jeusi. Uchunguzi uliofanywa Marekani umeonyesha kuwa karibu nusu ya wanaume weusi, au hata zaidi, husumbuliwa na vipele hivi. Katika majeshi jambo hili limekuwa na mvutano usiokwisha. Jeshi la Wanamaji la Marekani liliruhusu ndevu tangu mwaka 1970 na kuzikataza tena mwishoni mwa 1984; Jeshi la Anga la nchi hiyo mwaka 2020 lilikubali ruhusa ya daktari idumu hata miaka mitano; kisha mwaka 2025 wakuu wa ulinzi wa huko wakaibana tena ruhusa hiyo. Jeshi la nchi kavu la Uingereza lenyewe liliruhusu ndevu zilizotunzwa mwezi wa Machi 2024, hoja ya kinyago cha gesi ikibaki pale pale kwa wakati wa hatari.

Je, brashi ya baja huviponya vipele hivyo? Hapana, na atakayekwambia hivyo anataka fedha zako. Hata hivyo husaidia kuvipunguza. Povu zito lenye maji ya moto huzilegeza ndevu, na brashi ikizungushwa polepole huzinyanyua zile zinazoanza kuingia ngozini. Kazi iliyobaki ni ya mkono. Wembe uwe mkali na uwe mmoja, si ule wenye makali matatu au manne yanayouvuta unywele na kuukata chini ya ngozi. Upitishwe kufuata ndevu ziotavyo, bila ya kuivuta ngozi, wala usirudishwe juu kwa kutafuta ulaini wa shavu la mtoto. Afisa anayekagua ataona uso uliotunzwa. Hana haja ya kuupapasa. Ambaye vipele vyake vina usaha na aende zahanati, asijinyoe juu yake.

Namna ya kuitumia ni rahisi. Brashi ilowekwe katika kikombe cha maji ya moto, si yanayochemka, maana maji yanayochemka huharibu nywele na gundi iliyoshika fundo. Ikung'utwe mara moja, izungushwe juu ya sabuni nusu dakika au zaidi, kisha ipelekwe usoni kwa miduara, na mwisho kwa kupaka juu na chini. Isikandamizwe. Wanaoikandamiza kama wanaosugua sufuria huzivunja nywele za katikati, na baada ya muda fundo huwa na shimo.

Ikiisha kazi isuuzwe mpaka sabuni yote iishe, kwani sabuni ikikaa shinani huganda na kuzivunja nywele. Ikung'utwe, ifutwe taratibu kwa taulo, isimamishwe au ining'inizwe penye upepo. Isifungiwe majimaji ndani ya mfuko wa plastiki. Itaota ukungu na kunuka, na ikiwekwa muda mrefu bila ya kutumiwa, nondo wataila kama walavyo sufu. Kwa safari kuna brashi ambazo fundo lake hugeuzwa na kuingia ndani ya mpini wenye matundu ya hewa, nazo ni nzuri.

Kadhalika brashi haiazimwi, hata na rafiki wa kitanda cha jirani. Wembe haujadiliwi kabisa, kwa kuwa homa ya ini na virusi vya UKIMWI hupita katika damu. Na brashi iliyopita juu ya kidevu kilichokatwa nayo imeigusa damu hiyo.

Brashi mpya ya baja huwa na harufu kidogo ya mnyama, na hudondosha nywele chache katika wiki za mwanzo. Mwenyewe asishtuke, aioshe mara mbili tatu kwa sabuni yake ya kunyolea na harufu itakwisha. Lakini nywele zikiendelea kudondoka baada ya mwezi mzima, fundo halikufungwa sawasawa, na mwenye duka arudishiwe brashi yake.